Picha kumi na moja za mwenyekiti

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kupanga kurasa kwenye duka la uchapishaji karibu na River Road. Niliacha mwaka wa pili. Karo ilikwama, halafu na mimi nikakwama, na sitaki kuliongelea sana hilo. Kazi zenyewe zilikuwa kadi za harusi, programu za mazishi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa. Mtu analeta flashi, unafungua, unampangia, anakwambia songesha picha kidogo kushoto, unasongesha.

Siku moja akaja jamaa wa chama fulani cha wafanyakazi. Sitakitaja, na wewe ukikijua nyamaza. Alikuwa na jarida la chama, kurasa kumi na sita, rangi kamili, nakala elfu nne. Ndani mlikuwa na taarifa ya semina, tangazo la basari, rambirambi, na picha za mwenyekiti. Mwenyekiti akipanda mti. Mwenyekiti akikabidhi hundi. Mwenyekiti ameushika mkono wa mama mmoja mjane kama daktari anayetafuta mshipa. Nilipofika picha ya nane nikamuuliza, "Mkubwa, si huyu mzee tayari yuko ukurasa wa nne na suti hiyo hiyo?"

"Kijana," akaniambia, bila ubaya wowote, "wewe weka tu. Uchaguzi ni mwezi ujao."

Nikaweka. Zikafika kumi na moja. Invoisi ikaandikwa jina la chama, na kwenye maelezo mdosi akaandika "uchapishaji wa jarida", jambo ambalo, ukifikiria, ni kweli kabisa.

Wiki moja baadaye akaja mama wa makamo na mkoba wa ngozi uliochakaa. Naye alikuwa anagombea kiti hicho hicho. Alitaka karatasi ndogo, nyeusi na nyeupe, nakala mia tatu. Akalipa nusu kwa M-Pesa na kusema nusu nyingine ataleta siku ya kuchukua. Halafu akaona lile jarida, manake mdosi alikuwa amelibandika ukutani pamoja na sampuli zetu nyingine.

"Ni nyinyi mlichapisha hii?"

"Ndio, mama."

"Unajua ni mimi nimelipia?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama anaeleza mtoto. Kila mwezi mwajiri anamkata pesa za chama kwenye mshahara. Anazipeleka kwa chama. Chama kinachapisha jarida. Kwa hivyo kila ukurasa pale ukutani una shilingi zake, na mpinzani wake anazitumia kumwangusha yeye.

Maneno hayo yaliniganda. Nilianza kutafuta kama kuna mahali popote duniani watu waliwahi kulipeleka jambo hili kortini wakasikilizwa, na ndipo nikakutana na wachimba makaa wa Marekani. Nilidhani nitasoma dakika kumi. Nilisoma mpaka stima zikapotea.

Chama chao kinaitwa United Mine Workers of America, kimekuwepo tangu 1890. Kwa miaka arobaini, kuanzia 1920 hadi 1960, kiliongozwa na mtu mmoja, John L. Lewis, ambaye wachimbaji walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kile kile. Lewis ndiye aliyewapatia mfuko wa afya na pensheni mwaka 1946. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya hamsini kila tani ya makaa iliyochimbwa ilikuwa inaingiza senti 40 kwenye mfuko huo. Mamilioni, yaani. Lakini Lewis huyo huyo aliwazoesha wanachama kutochagua. Wilaya nyingi za chama hazikupiga kura kuchagua viongozi wao. Makao makuu yaliwateua. Ukishazoea kuteuliwa unazoea kumshukuru aliyekuteua.

Mwaka 1963 kiti kikamwangukia W. A. Boyle, maarufu kama Tony, mtu wa Montana. Alirithi mashine bila kurithi heshima. Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi wa Consol No. 9 ulilipuka huko Farmington, West Virginia. Wanaume 78 walikufa, na moto ulikuwa mkali hivi kwamba mgodi ulizibwa na wengi wao ndani. Boyle akafika pale, familia zikiwa bado zinangoja habari, akaisifu kampuni kwa jinsi inavyoshirikiana na chama kuhusu usalama. Hebu fikiria umesimama hapo na mumeo yuko chini. Miezi mitatu baadaye, Februari 1969, wachimbaji wapatao 40,000 wa West Virginia waligoma kudai fidia ya ugonjwa wa mapafu meusi, ule unaoletwa na vumbi la makaa, na waligoma bila baraka za makao makuu. Watu walikuwa wamechoka. Kilichokosekana ni mtu wa kugombea.

Mtu huyo akatokea ndani ya nyumba yenyewe. Joseph Yablonski, aliyeitwa Jock, alikuwa na umri wa miaka 59 na alikuwa kwenye bodi kuu ya chama kwa muda mrefu. Si malaika. Alikuwa amekula kwenye sufuria hiyo kwa miaka mingi na amewahi kumsifu Boyle hadharani, na nadhani hilo lazima lisemwe kwa sababu siku hizi kwenye masimulizi anaonekana kama mtu aliyezaliwa akiwa shujaa. Baba yake alifia mgodini. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mawakili na walikuwa wanambana kila siku mezani: utanyamaza mpaka lini? Tarehe 29 Mei 1969, mjini Washington, akatangaza kwamba anataka kiti cha Boyle.

Sasa hapa ndipo mambo yanapoanza kunukia wino.

Chama kilikuwa na jarida, United Mine Workers Journal, lililotoka mara mbili kwa mwezi na kufika nyumbani kwa mwanachama, mpaka kwenye vibonde vya Kentucky na Tennessee ambako gazeti jingine halifiki kwa urahisi. Kwa mchimbaji wa kawaida, hilo ndilo lilikuwa dirisha la chama. Kuanzia Yablonski atangaze, Journal lilijaa Boyle: Boyle anahutubia, Boyle anapambana, Boyle amesifiwa na fulani. Yablonski, mgombea halali, ilikuwa kana kwamba hajazaliwa. Halikumtukana. Kumtukana kungekuwa nafuu, angalau watu wangejua kuna mtu wa kutukanwa.

Kuna sheria iliyokataza hayo. Miaka kumi kabla, Kamati ya Seneta McClellan, ambayo wakili wake mkuu alikuwa Robert Kennedy, ilikuwa imefukua uozo wa vyama kadhaa mbele ya kamera, na matokeo yake yakawa sheria iliyotiwa saini Septemba 1959, wengi wanaiita Landrum-Griffin kwa majina ya wabunge wawili walioisukuma. Humo mna kifungu cha 401. Kwa lugha yetu kinasema hivi: pesa za chama, ziwe za michango au za makato, zisitumike kumpigia debe mgombea yeyote, na pesa za mwajiri vilevile zisitumike. Chama kinaweza kulipia matangazo ya uchaguzi wenyewe, tarehe na mahali, basi. Tena mgombea akitaka barua zake zitumwe kwa wanachama, chama lazima kizitume kwa gharama ya mgombea, bila kumbagua.

Hicho kipande cha mwajiri ndicho kilinifanya nisimamishe kusoma kidogo. Kwa nini mwajiri? Kisha nikaona. Kama bosi wako anakuazima gari, mafuta na mashine ya fotokopi ili ushinde uongozi wa chama, siku ya kukaa naye mezani kujadili mishahara utaongea ukiwa na deni lake. Na "pesa" hapo si noti tu. Korti na Wizara ya Kazi ya Marekani zimekuwa zikisoma kifungu hicho kwamba kinahusu karatasi, stempu, simu, gari la ofisi, saa za mfanyakazi anayelipwa na chama huku akipanga mikutano ya mgombea. Vitu ambavyo kila mtu ofisini huchukulia vya bure.

Yablonski akampata wakili Joseph Rauh, mkongwe wa kesi za haki za raia, nao wakaanza kukimbilia kortini kiangazi hicho kizima. Kwanza kuhusu barua, manake chama kilikataa kuzituma. Jaji Howard Corcoran akaamuru zitumwe. Kisha kuhusu kazi yake, kwa kuwa Boyle alikuwa amemfukuza kwenye ofisi ya chama inayoshughulikia siasa, korti ikamrudisha. Halafu kuhusu Journal. Septemba 1969 jaji huyo huyo akakubali kwamba jarida limegeuzwa chombo cha kampeni ya aliye madarakani, akalikataza. Lakini hakulilazimisha kumpa Yablonski kurasa sawa. Na miezi mitatu ya picha ilikuwa imeshaingia vichwani. Huwezi kumwambia mtu asahau alichokiona.

Jambo lililonishangaza zaidi si jarida bali pensheni. Lewis alifariki tarehe 11 Juni 1969, na Boyle akaingia kwenye nafasi yake katika wadhamini wa ule mfuko. Siku chache tu baadaye, Juni hiyo hiyo, pensheni ikapandishwa kutoka dola 115 kwa mwezi hadi 150. Wastaafu walikuwa na kura. Kulikuwa na matawi yaliyojaa wastaafu watupu, hayana hata mtu mmoja anayeshuka mgodini. Nani angempinga mzee aliyekuongezea dola 35? Mwaka 1971 jaji mwingine, Gerhard Gesell, aliwakuta wadhamini na makosa katika namna walivyouendesha mfuko, ikiwemo kuacha mamilioni ya wachimbaji yakae bila riba kwenye benki ambayo chama chenyewe kilikuwa kinaimiliki.

Mimi nina shangazi mstaafu. Ukimwambia nyongeza ya pensheni ni rushwa atakuuliza wewe una matatizo gani. Na hoja yake ni nzito: pesa ni zake, alistahili kuzipata zamani. Shida iko kwenye tarehe. Haki yake ilikaa kabatini mpaka mtu fulani alipohitaji kura yake.

Yablonski na Rauh waliiandikia Wizara ya Kazi mara kadhaa wakiomba uchunguzi kabla ya kura kupigwa. Waziri alikuwa George Shultz. Jibu lilikuwa kwamba wizara haiingilii mpaka uchaguzi uishe. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa: upige kura kwanza, uibiwe kwanza, kisha umalize njia za malalamiko ndani ya chama, yaani kwa mtu yule yule unayemlalamikia, au ungoje miezi mitatu, ndipo uende kwa waziri. Waziri peke yake ndiye anayeweza kushtaki ili uchaguzi ubatilishwe. Yablonski alishapigwa akazimia kwenye mkutano huko Springfield, Illinois, mwezi Juni. Nasi huku, siku chache baadaye, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, aliyeanzia siasa zake kwenye chama cha wafanyakazi wa Baraza la Jiji la Nairobi, alipigwa risasi mchana kweupe akitoka duka la dawa. Hayahusiani. Ila nimezisoma tarehe hizo mbili zikiwa karibu na siwezi kuacha kuziona pamoja.

Kura zikapigwa tarehe 9 Desemba 1969. Boyle alipata takriban 80,000, Yablonski takriban 46,000. Yablonski akakataa kutulia, akaanza kukusanya malalamiko. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mwaka, wanaume watatu kutoka Cleveland waliingia nyumbani kwake kijijini Clarksville, Pennsylvania, wakakata simu, wakampiga risasi yeye, mkewe Margaret na binti yao Charlotte, aliyekuwa na miaka 25. Miili ilikaa pale mpaka tarehe 5 Januari 1970, mwanawe Kenneth alipokwenda kuangalia kwa nini hakuna anayejibu simu.

Sitaki kukaa sana kwenye damu, filamu zimekaa hapo vya kutosha. Nataka kukaa kwenye hundi.

Kila muuaji lazima alipwe, na waliowatuma hawa hawakutoa mfukoni. Pesa zilitoka kwenye hazina ya chama, dola 20,000, zikatumwa kutoka makao makuu kwenda Wilaya ya 19, ile ya kusini mashariki mwa Kentucky na Tennessee. Kwenye vitabu ziliandikwa za Kamati ya Utafiti na Habari. Kamati yenyewe ilikuwa orodha ya wastaafu ishirini na kitu. Kila mmoja akaandikiwa hundi kama marupurupu ya kazi ya chama, akaenda benki, akatoa pesa taslimu, akazirudisha kwa maofisa wa wilaya. Wazee waliokuwa wanapumua kwa shida, mapafu yameisha, wakisaini walipoambiwa wasaini. Hata siku ya kuua ilipangwa isogezwe mpaka baada ya uchaguzi, isije ikaonekana ya kampeni.

Hapo nikakumbuka invoisi yetu. Sisemi ni kitu kimoja, tafadhali. Mwenyekiti wa picha kumi na moja hajaua mtu. Nasema tu kalamu ni ile ile. Chama kikishazoea kwamba kwenye vitabu neno "jarida" linaweza kumaanisha kampeni, neno "utafiti" halina tena wa kulilinda. Hakuna mhasibu aliyeamka asubuhi moja pale akaanza na mauaji.

Siku moja baada ya miili kupatikana, wachimbaji wapatao 20,000 wa West Virginia waliacha kazi. Na wizara, ile iliyosema haiwezi kuingilia, ghafla ikapata miguu. Ikatuma wachunguzi kwa mamia, ikashtaki Machi 1970. Wafuasi wa Yablonski wakaunda kundi, Miners for Democracy. Mmoja wao, mchimbaji aitwaye Mike Trbovich, alitaka aruhusiwe kuwa mhusika kwenye kesi hiyo, kwa sababu hakuiamini wizara kumtetea peke yake. Nani angeiamini? Akapigana mpaka Mahakama ya Juu, na Januari 1972 ikampa ruhusa.

Tarehe 1 Mei 1972, na ndiyo, najua ni siku gani hiyo, Jaji William Bryant akaubatilisha uchaguzi wa 1969. Hakuhitaji kuthibitisha kuua. Hiyo ilikuwa kesi nyingine, mahali pengine. Sababu zake zilikuwa za kiofisi kabisa: pesa za chama zilitumika kumpigia debe Boyle, Journal lilitumika kama bango lake, kura za siri hazikuwa za siri kwenye matawi mengi. Sheria haidai uonyeshe kwamba bila hayo mshindi angeshindwa. Inadai uonyeshe kwamba huenda yalibadilisha matokeo. Tofauti ndogo ukiisoma, lakini bila hiyo nadhani hakuna mlalamishi angeshinda kesi ya namna hii, kwani nani anaweza kupima picha moja ina thamani ya kura ngapi?

Marudio yalifanyika Desemba 1972 chini ya uangalizi wa serikali. Boyle akiwa bado mgombea, na Machi mwaka huo akiwa ameshapatikana na hatia ya kutoa dola 49,250 za chama kwa kampeni za wanasiasa wa kitaifa. Upande wa pili alisimama Arnold Miller, mchimbaji wa West Virginia mwenye mapafu meusi, mtu asiyejua hotuba. Safari hii Journal liliamriwa kuzipa pande zote mbili nafasi sawa. Ningependa sana kuliona toleo hilo. Fikiria fundi wa kurasa pale makao makuu, mtu wa kazi yangu, miaka yote amepanga uso mmoja, sasa amekaa na rula anapima inchi za Miller zilingane na inchi za Boyle.

Miller alipata kura 70,373, Boyle 56,334. Angalia namba hiyo ya pili. Baada ya kila kitu, baada ya kaburi tatu, zaidi ya watu elfu hamsini bado walimtaka yule mzee. Wengi wao wastaafu. Dola 35 zilikuwa za kweli, zilinunua mkate wa kweli. Boyle alihukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 1974, hukumu ikafutwa, akahukumiwa tena 1978, akafa mfungwa mwaka 1985.

Ingekuwa hadithi ya kumlaza mtoto ningeishia hapo. Lakini Miller hakuwa kiongozi mzuri sana. Mgomo wa siku 110 wa mwaka 1977 na 1978 ulimshinda, na 1979 akajiuzulu akiwa mgonjwa. Na ukitaka kuumia zaidi, soma habari za Teamsters, chama cha madereva wa malori.

Nitaipita haraka. Teamsters walikuwa wameoza na majambazi kwa miongo. Ron Carey, dereva wa zamani wa UPS, aliingia kama mwanamageuzi mwaka 1991, akafukuza wezi, akauza ndege za chama. Agosti 1997 akaongoza mgomo wa wafanyakazi 185,000 wa UPS, siku kumi na tano, wakashinda. Siku tatu baada ya mgomo kuisha, msimamizi wa uchaguzi aliyewekwa na korti akaubatilisha ushindi wake wa 1996. Watu wa kampeni yake walikuwa wamezungusha zaidi ya dola 700,000 za chama: chama kinachangia shirika fulani la kiraia, marafiki wa shirika hilo wanachangia kampeni ya Carey. Ukiangalia kila hundi peke yake, safi. Carey alizuiwa kugombea tena na akafukuzwa chamani. Mwaka 2001 baraza la mahakama likamwona hana hatia ya kusema uongo kuhusu hayo, lakini kiti kilishakwenda, kwa Hoffa, mtoto wa yule Hoffa wa zamani.

Nimebishana na rafiki yangu kuhusu Carey mara nyingi. Yeye anasema mtu mzuri aliangushwa na makaratasi. Anasema kama unapigana na majambazi huwezi kwenda na karatasi ndogo nyeusi na nyeupe. Mimi namwambia makaratasi ndiyo kitu pekee ambacho mwanachama wa kawaida ameshikilia, hana walinzi, hana ndege, ana karatasi yake ya mshahara inayoonyesha amekatwa. Anacheka, ananiambia mimi nilipanga picha kumi na moja. Sina jibu la hapo.

Yule mama alirudi siku ya Ijumaa jioni na ile nusu yake. Mdosi alikuwa ametoka. Nilikuwa nimechapisha nakala mia tatu na hamsini, hamsini za juu nikazifunga pamoja na zake, kwa karatasi za duka, kwa wino wa duka. Nadhani nilitaka kulipia kitu. Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, akafungua bahasha, akahesabu zote, kumi kumi, akilamba kidole. Alipofika mia tatu akasimama.

"Hizi nyingine?"

"Nimekuongezea, mama. Bure."

"Mdosi wako anajua?"

Nikanyamaza. Akazigonga mezani ziwe sawa, akazirudisha juu ya kaunta upande wangu, akaomba risiti.